"Hata mimi ningeifikiria": nitajuaje kama uvumbuzi wangu ni wa wazi mno kupata hataza?

*"Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kilifi, natengeneza mashine za kukuna nazi zile za mota. Tatizo lake kila mpishi analijua: ukikuna hadi mwisho, meno yanafika kwenye ile ngozi ya kahawia, nazi inachafuka na tui linapoteza weupe. Ukiogopa, nyama nyingi inabaki kwenye kifuu. Nimeongeza gurudumu dogo linaloegemea kifuu kwa nje, limeshikwa na springi na skrubu ya kurekebisha, ili meno yasikaribie kifuu kupita kiasi nilichoweka. Mwanzoni nililiweka gurudumu mkabala na meno, kifuu kikawa kinarukaruka na kupasuka. Nilipoliteremsha chini kidogo na kulivisha mpira wa tyubu, kikatulia. Sasa hata kijana asiye na uzoefu anakuna nazi nyeupe tupu, tena haraka. Jamaa yangu mhandisi aliiona akacheka: 'Huu si uvumbuzi. Gurudumu na springi vinauzwa dukani, mtu yeyote angefikiria hivyo.' Miezi mitatu iliyopita niliweka video Facebook na watu wengi waliiulizia. Je, niachane na habari ya hataza? Na nitajuaje kama kitu ni cha wazi mno?"*

Ndugu yangu, nianze na kicheko cha jamaa yako, maana nadhani ndicho kilichokuuma, na kicheko cha namna hiyo kimewanyamazisha mafundi wengi huku vitu vyao vikiigwa na karakana ya mtaa wa pili. Jamaa yako amepatia jambo moja na amekosea jingine. Amepatia kwamba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiuige uvumbuzi wako, haitolewi kwa kila kitu kipya: kitu kikiwa cha wazi kwa watu wa fani yake, ombi hukataliwa hata kama hakuna aliyewahi kukitengeneza. Alichokosea ni kipimo. Amepima wepesi wa kitu kikiwa kimeshakamilika mbele ya macho yake, na sheria haipimi hivyo.

Sheria yetu ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inataka mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi, na uweze kutumika katika shughuli za uzalishaji. La tatu lisikusumbue, mashine inakuna nazi na watu wanaitaka. La kwanza nitalirudia. Hilo la pili ndilo swali lako, na kifungu cha 24 kinalieleza kwa ufupi: tukitazama yote yaliyokwisha kujulikana, je, uvumbuzi huu ungekuwa wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo siku ombi lilipowasilishwa? Tanzania, Uganda, nchi za Ulaya na Marekani zina sharti la namna hiyo hiyo, na ndiyo sababu nitachukua mifano ya mahakama za huko. Haziwafungi wakaguzi wa maombi ya hataza wa Nairobi, lakini fikra ni moja.

Huyo "mtu mwenye ujuzi" si jamaa yako, si profesa, wala si wewe. Ni fundi wa kufikirika. Anazijua mashine za kukuna nazi za dunia nzima, amesoma kila hataza ya zamani inayohusu fani yake, mikono yake inaaminika, lakini hana kipaji cha kubuni. Akipewa shida hufanya yale ambayo mafundi wa kawaida hufanya: hukaza, hubadili saizi, huchukua kifaa kinachojulikana na kukipa kazi yake ile ile inayojulikana. Swali ni kama huyo, siku ile, bila kuiona mashine yako, angeifikia.

Hapo kwenye "bila kuiona" ndipo watu wengi huteleza. Kitendawili kikishateguliwa, hata yule aliyekuwa ametoa mji dakika moja kabla husema "ah, nilikijua". Jamaa yako ameoneshwa jibu kabla ya swali. Angeketi na mashine ya zamani, na kifuu mkononi, na malalamiko ya mpishi masikioni, angeanzia wapi? Pengine angefupisha meno. Pengine angepunguza mwendo wa mota, au angefunga kizuizi ndani ya kichwa cha meno chenyewe. Kutazama upande wa nje wa kifuu ni kuamua kwamba kipimo cha ndani kichukuliwe kutoka nje. Sijui kama hilo ni la kawaida kwa mafundi wa nazi au la, na wala jamaa yako hajui. Ni jambo la kuchunguzwa, halijibiwi kwa kucheka.

Kuna kesi moja ya Uingereza ambayo huwa nawasimulia mafundi waliokata tamaa. Mandy Haberman alibuni kikombe cha watoto wadogo kisichomwaga. Mdomo wake una vali yenye mpasuo: mtoto akinyonya mpasuo hufunguka, akiacha hujifunga, na kikombe kinaweza kulala juu ya zulia bila kutoa tone. Mshindani aliposhtakiwa kwa kuiga, alijitetea kwamba jambo hili ni jepesi mno: vikombe vya watoto vilikuwapo, vali za mpasuo zilikuwapo, nani asingeviunganisha? Mwaka 1999 Jaji Laddie alikataa hoja hiyo. Vitu vyote vilikuwa mezani kwa miaka, watengenezaji walijua vyema kwamba wazazi wamechoka kufuta juisi, na bado hakuna aliyechukua hatua ile ndogo. Kikombe kilipotoka kikanunuliwa kwa wingi. Wepesi wake haukuiua hataza. Kitu kikiwa chepesi hivyo, kikiwa na faida hivyo, na wenye njaa ya kukipata wamekaa miaka bila kukifikia, ni vigumu kusema kilikuwa wazi kwao.

Sasa hili la "vinauzwa dukani". Karibu kila uvumbuzi wa kimakanika umetengenezwa kwa vitu vilivyokuwapo. Beringi, springi, mpira na skrubu ni herufi tu, kinachotazamwa ni sentensi. Ila siwezi kukwambia kwamba kila mchanganyiko unapita, maana haupiti. Mahakama ya Juu ya Marekani ina maamuzi mawili yanayofaa kusomwa pamoja. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR na Teleflex, ilikuwa pedali ya gari inayoweza kusogezwa kufuata urefu wa dereva, ikafungwa sensa ya kielektroniki kwenye egemeo lake lisilosogea. Pedali kama hizo zilikuwapo, sensa zilikuwapo, magari yalikuwa yanahamia kwenye elektroniki, na kila kifaa kilibaki na kazi yake ya siku zote. Mahakama ikasema fundi wa kawaida angefika hapo, hataza ikaanguka. Lakini mwaka 1966 mahakama hiyo hiyo iliipitisha betri ya mvumbuzi aliyeitwa Adams, iliyotumia magnesi na kloridi ya shaba na kuamshwa kwa kutiwa maji. Kila kimoja kilijulikana peke yake. Tofauti ni kwamba vilipokutana vilitoa matokeo ambayo wajuzi hawakuyatarajia, na maandiko ya wakati ule yangemwelekeza mtu mbali na njia hiyo. Wataalamu walioiona mwanzoni hawakuamini kama ingefanya kazi.

Kwa hiyo ukiunganisha vitu, jiulize: je, jumla yake ni ile ile ambayo kila mtu angeitabiri, au kuna kilichotokea ambacho kimeshangaza hata wewe?

Tuiweke mashine yako kwenye kipimo hicho. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina utaratibu ninaoupenda, kwa kuwa unazuia macho yasikimbilie jibu. Unatafuta kwanza kitu kimoja kilicho karibu zaidi na chako kati ya vyote vilivyojulikana. Kisha unataja tofauti. Kisha unasema tofauti hiyo inaleta faida gani. Kutoka kwenye faida unaunda shida, ukichunga jibu lisiingizwe ndani ya shida yenyewe. Mwisho unauliza: je, fundi wa kawaida mwenye shida hii *angefanya* hivyo? Hawaulizi kama angeweza. Kuweza, angeweza mambo elfu. Wanauliza kama kuna kitu chochote katika maarifa ya siku ile kingemsukuma afanye.

Kilicho karibu zaidi na chako, kwa sasa, ni mashine ya mota ya sokoni, yenye kichwa cha meno tu. Tofauti ya kwanza ni gurudumu la nje. Faida yake ni kwamba umbali kati ya meno na uso wa nje wa kifuu haupungui kupita kiasi fulani. Shida basi ni: "namna ya kuzuia meno yasifike kwenye ngozi ya kahawia." Angalia nilivyoiandika. Nikiandika "namna ya kupima unene kutoka nje kwa gurudumu" nimeshatoa jibu, na kila kitu kitaonekana cha wazi. Maombi mengi huuawa isivyo haki kwa kuandika shida hivyo, na mengi mabovu huokolewa kwa kuifanya shida iwe pana mno.

Hapa nitakuwa mkweli kwako: gurudumu peke yake linanitia wasiwasi. Mafundi seremala wana mashine za kupigia randa ambazo ubao hupita kati ya kisu na meza, na pengo kati yao ndilo linaloamua unene unaobaki. Wazo la kushikilia pengo kati ya kinachokata na kinachoegemea upande wa pili ni la zamani sana. Mkaguzi akilileta, wakala wako wa hataza atajibu kwamba fundi wa nazi hana sababu ya kuangalia karakana ya seremala, na kwamba ubao ni bapa, haufanani na kifuu cha duara ambacho unene wake hubadilika na kinachogeuzwa kwa mkono. Hoja hiyo ina nguvu, lakini si ngome. Fani zinazokaribiana huhesabiwa, na kukata kwa kina kinachodhibitiwa ni shida ya fani nyingi. Nisingependa uende na ombi ambalo uzito wake wote umebebwa na gurudumu kuwapo.

Mpira wa tyubu nao, ukiutazama peke yake, ni dhaifu zaidi. Kubadili nyenzo kwa nyenzo nyingine inayofaa kwa kazi ile ile ni jambo ambalo mahakama zimelikataa tangu 1851, pale Marekani ilipokataa hataza ya vitasa vya milango vya udongo mahali pa vile vya chuma na mbao. Kifuu kinaruka, unalivisha gurudumu mpira: fundi yeyote angejaribu hilo siku ya kwanza.

Lakini rudia kusoma barua yako mwenyewe. Ulisema gurudumu lilipokuwa mkabala na meno, yaani mahali ambapo akili ya kwanza ya kila mtu ingeliweka, kifuu kiliruka na kupasuka. Ulipoliteremsha, kikatulia. Hicho ndicho kilichonifanya niinuke kitini. Mtu anayetaka pengo thabiti kati ya meno na gurudumu angeweka gurudumu hasa pale meno yanapogusa, maana ndipo pengo linapopimika kwa usahihi. Wewe umeliondoa hapo, na badala ya kazi kuharibika imekuwa bora, tena umeongeza mwendo ambao hukuukusudia. Fundi asiye na kipaji angekuwa na sababu gani ya kusogeza gurudumu kwenda mahali ambapo kwa hesabu ya kawaida lingepima vibaya zaidi? Kama utafutaji hautaonesha mtu aliyekutangulia, nadhani hatua yako ya kiuvumbuzi iko hapo: mahali lilipo gurudumu, na jinsi mahali hapo, springi na ulaini wa mpira vinavyofanya kazi kwa pamoja.

Ili hoja hiyo isimame, unahitaji vitu ambavyo mafundi wengi hawaviweki. Kwanza, jua *kwa nini* inafanya kazi, au angalau *ni kiasi gani* cha kuteremsha kinafaa. Jaribu gurudumu katika sehemu mbalimbali, kutoka mkabala kabisa hadi chini kabisa, kwa nazi kavu za saizi tofauti, na uandike: vifuu vingapi vilipasuka, nazi ilitoka nyeupe kiasi gani, nyama iliyobaki ilikuwa na uzito gani, dakika ngapi kwa kila nazi. Ikionekana kuna eneo fulani ambalo mambo hutulia, na nje yake yanaharibika, umepata ushahidi wa matokeo yasiyotarajiwa, na vilevile umepata mipaka ya kuandika kwenye madai yako, yaani ile sehemu ya ombi inayotaja hasa unachotaka kilindwe. Pili, usitupe lile fremu la kwanza lililoshindwa. Lipige picha, liandikie tarehe. Kushindwa kwako kunaonesha kwamba njia haikuwa nyeupe.

Mauzo mazuri na watu wengi kuulizia video yanasaidia pia, ila yapewe uzito wake tu. Mtu anaweza kuuza sana kwa sababu bei yake ni ndogo au kwa kuwa yuko karibu na soko. Ushahidi wa mauzo una maana pale unapoonesha kwamba watu wananunua *kwa sababu ya* kile kipya, na kwamba shida ilikuwapo muda mrefu bila dawa. Kwako shida hiyo ni ya zamani kama mbuzi yenyewe. Kila aliyewahi kukalia mbuzi na kukuna nazi ya wali anajua pa kuacha, na mashine ndiyo iliyopoteza ujuzi huo wa mkono.

Nirudi sasa kwenye upya, maana hatua ya kiuvumbuzi haiwezi kupimwa kabla hujajua kilichokutangulia. Usiniambie "hapa Kenya hakuna". Sheria inahesabu chochote kilichofunuliwa kwa umma popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kutumika tu. Kesi ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga ilifika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1985, na hataza ya kampuni kubwa ikaanguka. Miongoni mwa vilivyoiangusha ni kifaa alichokuwa ametengeneza Peter Chilvers mwaka 1958 huko Hayling Island, akiwa mtoto wa miaka 12, akakichezea pwani watu wakimwona. Hakukiandika popote. Fito za kushikia tanga lake zilikuwa zimenyooka na zile za hataza zilikuwa zimepinda, lakini mahakama ikaona tofauti hiyo ilikuwa wazi kwa mtu wa fani. Huo mchezo wa mtoto ulitosha.

Kwa hiyo watazame wenzetu wa minazi: India, Sri Lanka, Indonesia, Ufilipino, Thailand. Wanakuna nazi kama sisi na wana mashine nyingi. Tafuta bure kwenye hifadhi za hataza za mtandaoni: Espacenet, Patentscope ya Shirika la Mali Miliki Duniani na Google Patents. Ukikuta hataza moja inayofanana, angalia alama za uainishaji zilizo juu yake, kisha fungua kundi lote. A23N 5/03, kwa mfano, ni la mashine zinazoshughulikia nazi. Tazama michoro hata kama lugha huijui, mchoro wa gurudumu nje ya kifuu utautambua. Kisha nenda YouTube na masoko ya mashine ya mtandaoni, andika majina ya nazi kwa lugha za huko. Unapotafuta, usitafute kwa moyo wa kutaka kukosa. Ukikuta gurudumu la nje limeshafanywa, hujashindwa. Ndiyo umepata "kilicho karibu zaidi" cha kweli, na hoja yako inahamia kwenye mahali lilipo. Ukikuta na mahali pamefanywa, umeokoa fedha nyingi.

Video yako. Hii inanihofisha kuliko kicheko. Ukishaweka kitu Facebook, umekifunua kwa umma, na kufunua kwako mwenyewe kunaweza kutumika dhidi yako. Sheria ya Kenya ina huruma: ufunuzi uliofanywa na mwombaji mwenyewe hauhesabiwi ikiwa ombi linawasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ufunuzi huo. Wewe umetumia mitatu. Marekani nao wana mwaka mmoja wa aina hiyo. Ulaya haina, kwa hiyo ikiwa video inaonesha gurudumu lilipo, hesabu kwamba Ulaya imekwenda. Itazame upya, fremu kwa fremu. Ikiwa inaonesha nazi nyeupe ikitoka na kijana akitabasamu, lakini gurudumu limefichwa na kifuniko, hali yako ni nzuri zaidi. Usiifute kwa hofu, kwani kufuta hakurudishi nyuma kilichoonekana na wewe unaihitaji kama ushahidi wa tarehe. Ila usiweke nyingine, wala usiuze mashine nyingine kabla ya kuwasilisha ombi. Akija mtu anayetaka kuitengeneza kwa wingi, asaini makubaliano ya kutunza siri kabla hujafungua kifuniko.

Kuhusu njia za kufuata, hataza si mlango pekee. Sheria ya Kenya inatoa pia cheti cha uvumbuzi mdogo, kile kinachoitwa modeli ya matumizi, ambacho kinataka kitu kiwe kipya na kiweze kutumika katika uzalishaji, bila kudai hatua ya kiuvumbuzi. Kwa fundi kama wewe hicho ni kitu kikubwa, kwa sababu swali lote la "je, ni wazi mno?" linaondoka mezani. Kinadumu miaka 10 na hakiongezwi, wakati hataza inafika miaka 20 tangu kuwasilishwa mradi ada za kila mwaka zimelipwa. Nikizingatia maisha ya mashine ya namna hii sokoni, na jinsi karakana za pwani zinavyobadili miundo, miaka 10 inaweza kukutosha kabisa. Sheria inaruhusu pia ombi la hataza ligeuzwe kuwa ombi la cheti hicho kabla uamuzi haujatolewa, kwa hiyo unaweza kuanza na hataza na kushuka ikiwa mkaguzi atakubana. Kuficha siri hakutakufaa: mashine ikishauzwa, fundi mwingine ataifungua kwa spana na kuona kila kitu. Na kuamua kutosajili chochote, ukauza haraka na kuwa wa kwanza, nako ni uamuzi halali kwa mtu ambaye hana fedha za kumshtaki mwigaji. Hataza isiyoweza kulindwa mahakamani ina thamani ndogo, na ni wewe unayeujua mfuko wako.

Kama ningekuwa mahali pako, ningetafuta kwa wiki mbili, ningefanya yale majaribio ya kuteremsha gurudumu, kisha ningekwenda kwa wakala wa hataza aliyesajiliwa na Taasisi ya Mali Viwandani Kenya, KIPI. Orodha ya mawakala unaweza kuipata kwao. Kwa mashine ningeanza na ombi la hataza ikiwa majaribio yanaonesha lile eneo la utulivu waziwazi, na cheti cha uvumbuzi mdogo ikiwa matokeo ni ya kuyumba. Usiandike madai mwenyewe. Maelezo na michoro anza nayo, ni vizuri, lakini madai ndiyo uzio wa shamba lako kisheria, na neno moja la ziada linaweza kumwachia jirani apite. Ukiandika "gurudumu la mpira", mwigaji atatumia plastiki laini na kuwa nje. Ukiandika "kifaa chochote kinachoegemea kifuu", mkaguzi atakuletea randa ya seremala. Kupima kati ya hizo mbili ni kazi ya wakala, na ndipo ada yake inapostahili.

Mwulize mapema atatoza kiasi gani hadi mwisho, si hadi kuwasilisha tu, maana ukaguzi na majibu kwa mkaguzi vina gharama zake. Akikuahidi kwamba hataza itapatikana kwa hakika kabla hajaona matokeo ya utafutaji, tafuta mwingine. Mpelekee mashine yenyewe ikiwezekana, pamoja na lile fremu lililoshindwa, nazi kavu kadhaa, na tarehe kamili ya video yako. Miezi 12 inahesabiwa tangu siku hiyo, na wakala atahitaji muda wake wa kuandika, kwa hiyo usimfikie mwezi wa kumi na moja.